Mmeona Nini Usiku?

Hotuba iliyotolewa Nairobi, Jumamosi jioni, mbele ya wanafunzi, wazazi na walimu, kama ilivyonakiliwa kutoka kwenye kinasa sauti.

Hamjambo nyote. Walimu wetu, wazazi, vijana, na wale walioingia humu kujikinga manyunyu: karibuni, viti vya nyuma bado vipo. Chai iko pale mezani, na soseji zenye vijiti vya meno, mradi mtuachie kidogo sisi tunaozungumza.

Ilivyopangwa, saa hii tungekuwa uwanjani tumepiga foleni mbele ya darubini mbili, tukiitazama Zohali na pete zake. Darubini zenyewe ziko nje, zimefunikwa turubai kama magunia ya mahindi. Mwalimu aliyeandaa shughuli hii alinijia saa moja iliyopita, uso umemshuka, akanipa pole. Nikamwambia asinipe pole, mimi nimewahi kulipwa mshahara kutazama mawingu. Basi zile dakika tano nilizopewa za utangulizi zimegeuka kuwa hotuba nzima.

Kabla sijafika mbali, kuna kitu kinapitishwa kuanzia safu ya mbele. Ni sahani ya alumini, ya duara, upana wake sentimita 80 hivi, unene milimita tatu na kidogo, uzito zaidi ya kilo nne. Ina mashimo kama chujio. Ishikeni kwa mikono miwili, mwitazame, mwipitishe. Nitasema ni ya nini. Naomba tu irudi.

Mama yangu anaishi Machakos. Nilipokuwa kazini ng'ambo, mtazamaji wa usiku kwenye darubini ya wanaastronomia, alikuwa akinipigia simu kila Jumapili, na baada ya salamu na habari za ng'ombe, swali lake lilikuwa moja: "Mmeona nini usiku?" Wiki nyingi nilimjibu, "Mawingu, mama." Au upepo. Au theluji. Wiki moja nikamwambia tumepata usiku safi mara sita mfululizo. Akafurahi. "Ehe, kwa hivyo mmeona nini?" Nikakosa jibu, kwa sababu hatukuwa tumeona kitu. Tulikuwa tumekaa chumbani mbele ya skrini, darubini iko nje gizani, sisi tunasoma namba. Jicho langu halikuwahi kutazama kupitia darubini ile hata mara moja. Nikamweleza hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wewe ni kama baba yako."

Baba yangu alikuwa soja. Alilinda godauni moja Industrial Area miaka mingi. Mnajua kazi ya soja. Wezi hawaji kila siku, na wengine hustaafu bila kuwahi kumshika hata mmoja. Anacholipwa ni kwamba usiku umepita na kulikuwa na mtu aliyeuona ukipita. Na mnakijua kitabu chake cha matukio, OB. Saa nne: geti limefungwa, shwari. Saa tano: lori limeingia, namba fulani. Saa sita: shwari. Baba alikuwa na sheria moja tu kuhusu kitabu hicho: usiandike shwari kwa saa uliyosinzia. Acha nafasi wazi. Mwenye mali akiiona nafasi atakuuliza, nawe utajibu, pengine utakatwa mshahara. Lakini akigundua shwari moja ya uongo, hatakiamini tena kitabu kizima, hata zile saa ulizokuwa macho.

Nimekuja kuwaambia kazi yangu ilikuwa ile ile ya baba.

Mwaka 2019, usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, Wakenya tulihesabiwa tukawa milioni 47 na nusu na ushei. Karani wa sensa hakuja kwako kwa kuwa wewe ni mtu mashuhuri. Alikuja kwa sababu mlango wako ulikuwa katika eneo lake. Wanaastronomia wengi huomba usiku mbili tatu kwenye darubini kubwa ili watazame kitu kimoja wanachokishuku. Uchunguzi mkubwa wa anga ni sensa. Haushuku kitu. Unapita kipande kwa kipande, unaandikisha kila kilicho na mwanga wa kutosha, kisha orodha inafunguliwa, na maswali yanaulizwa baadaye, mengine na watu waliokuwa hawajazaliwa siku picha ilipopigwa.

Sensa niliyoitumikia inaitwa Sloan Digital Sky Survey, jina limetokana na wakfu wa Alfred P. Sloan uliotoa sehemu ya fedha. Ilianza rasmi mwaka 2000 huko New Mexico, kusini magharibi mwa Marekani, katika kituo kiitwacho Apache Point. Kiko mlimani, mita 2,788 juu ya bahari, yaani kilomita moja nzima juu ya hapa tulipoketi. Kimezungukwa na misonobari, na chini kabisa kuna bonde la mchanga mweupe pe wa jasi. Darubini yake ina kioo cha upana wa mita 2.5, ambacho si kikubwa kwa viwango vya leo. Uwezo wake ni kuona eneo pana kwa mara moja, digrii 3 za anga, yaani miezi mpevu sita iliyopangwa mstari mmoja.

Haina kuba. Watu wakisikia kituo cha darubini hufikiria kile kichwa cheupe chenye ufa. Hii imefunikwa na banda lenye magurudumu. Jioni banda zima linasukumwa kando juu ya reli, na darubini inabaki imesimama nje peke yake, kama mtu aliyevuliwa nyumba. Mara ya kwanza kuliona hilo nilicheka. Mara ya kwanza kuliona hilo upepo ukivuma, sikucheka.

Sasa sikilizeni jinsi usiku ulivyogawanywa, kwa maana hapo ndipo mtazamaji anapoanza kula mshahara wake. Usiku safi kabisa, usio na mwezi wala hata uzi wa wingu, na hewa imetulia nyota hazichezi, ulikuwa wa kamera. Kamera ilikuwa na vipande 30 vya silikoni vya kupokea mwanga, safu sita za vitano vitano, kila kipande cha safu nyuma ya kichujio cha rangi yake. Anga iliachiwa ipite juu yake taratibu bila kusimama, kila nyota ikichukua sekunde 54 kuvuka kipande kimoja. Ni kama mzigo wako pale uwanja wa ndege wa JKIA kwenye mkanda wa mashine: begi linasogea na picha inajijenga. Lakini usiku wa namna hiyo ni wachache. Usiku uliosalia, ule wa kawaida wenye kasoro ndogo ndogo, ulikuwa wa sahani.

Nani anayeamua usiku huu ni wa daraja gani? Profesa amelala, tena yuko mji mwingine. Anaamua aliye macho.

Naona sahani imefika safu ya nne. Wenye masikio ya kusikia na mikono ya kushika, sikilizeni. Sahani hizo zilitobolewa katika karakana ya Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Mafundi wetu wa Kamukunji wanaounda masanduku ya bati ya watoto wa bweni wangeitambua mara moja ni kazi ya mashine nzuri, ila wangeuliza kwa nini mashimo hayana mpangilio. Mpangilio wake ni wa mbinguni. Kila shimo liko mahali ambapo mwanga wa galaksi moja, iliyokwisha kupigwa picha na kuchaguliwa, utaangukia sahani ikiwekwa kwenye darubini. Sahani moja ni ya kipande kimoja cha anga. Ukiielekeza kwingine ni sinia tu.

Ndani ya kila shimo huchomekwa uzi wa faiba, ndugu wa ule unaokuletea intaneti South B. Enzi zangu nyuzi zilikuwa 640 kwa sahani. Zilichomekwa mchana, kwa mkono, na mafundi waliokaa na sahani mapajani kama mtu anayechambua mchele. Zile alama za kalamu mnazoziona juu yake ni zao, zinagawa mashimo katika mafungu, kila fungu nyuzi ishirini. Utadhani lazima uzi namba fulani uingie shimo namba fulani. La. Ndani ya fungu, uzi wowote huingia shimo lolote, mradi kila shimo limepata. Kazi ikiisha, sahani inapelekwa kwenye mtambo unaomulika nyuzi moja baada ya nyingine na kurekodi mwanga umetokea shimo gani. Ni gari la matatu, jamani! Abiria kaa popote, gari lijae, kisha makanga anapita kuona nani amekaa wapi. Aliyebuni hilo aliokoa maelfu ya saa za watu, na mimi namheshimu kuliko wengi waliopewa medali.

Mwanga ukishaingia uzini unapelekwa kwenye spektrografu, unatandazwa rangi zake zote, na katika rangi hizo mna mistari ya kemikali. Mistari ikiwa imesogea kuelekea wekundu, galaksi inakwenda mbali nasi, na kadiri ilivyosogea ndivyo unavyokadiria umbali. Mwaka 2005 watu wa sensa hii walitumia galaksi nyekundu zipatazo 46,700 wakaona katika mtawanyiko wake alama ya mawimbi ya sauti yaliyopita ulimwenguni ulipokuwa mchanga. Nilisoma karatasi ile mstari kwa mstari. Hakuna jina la soja ndani ya hoja yake, na haikunisumbua.

Usiku wenyewe basi. Tunakuwa wawili, sababu ya kwanza ni usalama, ya pili ni kuamshana. Unapandisha sahani chini ya darubini, unaielekeza, unawasha taa za neoni na za zebaki ili upate mistari unayoijua ya kupimia ile usiyoijua. Unatafuta nyota za kuongoza. Kisha unafungua, dakika 15. Tena 15. Tena 15. Ukiona mwanga hautoshi unaongeza. Muda huo wote unatazama mambo manne: upepo, unyevu, vumbi, wingu. Vumbi la ule mchanga mweupe likipanda, kioo kinaliwa. Unyevu ukipanda, kioo kinaloa. Kiangazi kuna nondo, makundi kwa makundi, wanaoingia kila penye upenyo. Wakati wa nondo nilikumbuka kumbikumbi wa Nairobi baada ya mvua, tofauti ni kwamba wale hakuna aliyenikubalia kuwakaanga. Julai na Agosti huko ni msimu wa radi na mvua, kituo hufungwa kwa matengenezo, na mimi hapo ndipo nilipokuwa nikija nyumbani kukuta Nairobi nayo imefunikwa wingu la baridi. Kwa hiyo mwezi wangu wa mapumziko sikuwa naona nyota popote duniani.

Na muda una sheria zake. Hewa hupinda mwanga, na huupinda zaidi kitu kinapokuwa karibu na upeo wa macho. Mashimo ya sahani yalitobolewa kwa hesabu kwamba itatumika muda fulani. Ukichelewa sana, kila galaksi inateleza kidogo nje ya shimo lake na nyuzi zako zinakunywa giza. Usiku mmoja wa wingu linalokuja na kuondoka unaweza kukufanya ucheze karata: ningoje sahani hii, au nipandishe inayofuata? Ukikosea, sahani ile inangoja siku nyingine, pengine mwezi mwingine.

Hapa niseme kuhusu saa, kwa sababu sisi Waswahili tuna jambo la kujivunia na hatulijui. Saa zetu zinahesabiwa kutoka jua linapochomoza. Saa moja asubuhi jua limetoka, saa moja jioni limezama, na hapa Ikweta hesabu hiyo haidanganyi mwaka mzima. Nilipofika kule, saa ya mama ilivunjika mikononi mwangu. Desemba jua lilizama saa kumi na moja jioni. Juni likazama saa mbili usiku! Zamu ya Desemba ilikuwa ndefu kiasi kwamba tulikula mara tatu gizani. Juni ukifungua macho tayari alfajiri.

Tarehe nayo. Usiku mmoja wa kazi una tarehe mbili, ya kabla ya saa sita na ya baada yake, na ukiandika ovyo huwezi kujua picha ni ya usiku upi. Wanaastronomia walilitatua zamani kwa kuhesabu siku kuanzia adhuhuri, ili usiku mzima ukae ndani ya siku moja. Nilipofundishwa hilo kwa mbwembwe nyingi nilimwambia mkufunzi kwamba nyumbani mtoto wa miaka sita husema usiku wa kuamkia Jumatano na habari imekwisha. Pembezoni mwa kumbukumbu zangu binafsi niliandika hivyo hivyo miaka yote: kuamkia Jumatano, kuamkia Alhamisi.

Halafu kuna nyota zenyewe, zinazochomoza karibu dakika nne mapema kila siku, zikajumlika saa mbili kwa mwezi. Ndiyo maana kipande kimoja cha anga kina msimu wake na kikikupita unakingoja. Wakulima wa pwani walikijua hicho bila darubini, kwa kundi la nyota liitwalo Kilimia: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilikibandika juu ya dawati langu. Mwenzangu akauliza ni sala? Nikamwambia ni ratiba.

Sasa kisa cha aibu. Hiki hakikutokea Apache Point. Kilitokea kabla, kwenye darubini ndogo nilikofundishwa kazi, nayo sitaitaja. Nilipanda juu kukagua kama kifuniko cha kioo kimefunguka vizuri. Nilikuwa na tochi. Nikaiweka sakafuni ili nitumie mikono miwili, nikakagua, nikashuka. Saa moja na nusu baadaye nikapapasa mfuko, tochi hakuna. Nikapanda mbio. Ilikuwa pale, imelala, inamulika ukuta wa ndani wa kuba. Picha zote za muda ule zilikuwa na ukungu wa mwanga, hafifu sana upande mmoja, kiasi kwamba mtu asiyejua angesema ni mwanga wa mji.

Nilikuwa peke yangu. Mkufunzi alikuwa amelala. Nilishika kalamu, na nawaambia ukweli, mkono uliandika herufi ya kwanza ya shwari. Kisha nikaikata. Nikaandika: tochi yangu iliachwa ndani ya kuba ikiwaka, kuanzia picha hii mpaka picha hii, kosa ni langu. Asubuhi niliitwa, nikaelezwa maneno ambayo mama asingeyapenda. Miezi ikapita. Mwanafunzi mmoja wa uzamili ambaye sikuwahi kumjua akaandika barua pepe: alikuwa amepoteza wiki mbili akidhani amepata wingu la gesi lisilojulikana, mpaka alipofungua kitabu cha usiku ule akakuta tochi. Barua ilikuwa ya mistari mitatu. Ya mwisho ilisema asante. Ukitaka kujua nimegundua nini angani, nimegundua wingu la gesi ambalo halipo.

Kule Apache Point maamuzi mazito yalikuwa ya kufunga. Kuna usiku mmoja wa Februari, anga safi kama imeoshwa, sahani iko nusu, zimebaki dakika 15 tu. Unyevu ukaanza kupanda. Hakuna wingu. Nyota zinang'aa zinakucheka. Mwenzangu, aliyeanza kazi hiyo kabla yangu, anatazama namba, ananitazama, hasemi. Ilikuwa zamu yangu kuamua. Ukifunga, umepoteza sahani, na pengine baada ya nusu saa unyevu unashuka, unaonekana mwoga. Usipofunga, umande unatua juu ya kioo kilichopakwa alumini, pamoja na vumbi la jasi, na hasara hiyo si ya usiku mmoja. Nilifunga. Tukairudisha darubini mahali pake, tukalisukuma banda. Unyevu ulikaa juu nusu saa, kisha ukashuka, ukabaki chini mpaka asubuhi. Nikaandika yote. Kioo kisicholoa hakimpigii mtu simu kumshukuru. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa, na nimeacha kujiuliza.

Mkono juu: ni nani humu anayejua setilaiti iitwayo Uhuru? Wawili. Watatu na yule babu. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri yetu ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, la Waitaliano, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kilo 140 hivi ya shirika la NASA, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei pekee. Meneja wa mradi, Marjorie Townsend, akaipa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya wenyeji. Ilirushwa hapa kwetu kwa sababu roketi ikirushwa Ikweta inasaidiwa na mzunguko wa dunia, na njia ya juu ya Ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo.

Na kazi ya Uhuru ilikuwa nini? Sensa! Ilijizungusha yenyewe pole pole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikifagia anga ukanda baada ya ukanda. Ilipoacha kazi mwaka 1973 ilikuwa imetoa orodha, na toleo la nne la orodha hiyo lina vyanzo 339. Ndani yake mna Cygnus X-1, ambayo vipimo vya Uhuru vilisaidia kuifanya kitu cha kwanza kushukiwa kwa dhati kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Ukisoma karatasi za wakati ule unakuta neno letu limesimama katikati ya Kiingereza bila kutafsiriwa. Mimi nililikuta nikiwa mwanafunzi Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, saa tano usiku maktaba ikifungwa, na nadhani ndilo lililonipeleka New Mexico, ingawa kwenye fomu ya kazi niliandika sababu nyingine.

Vijana watauliza kama kazi hii bado ipo. Nisiwafiche. Kamera ile ilimaliza kazi mwaka 2009, mwaka ule ule nyuzi zikaongezwa kutoka 640 hadi 1,000. Mwaka 2021 sahani zenyewe ziliachwa, na sasa nyuzi zinasogezwa na vijiroboti 500 vinavyojipanga kwa dakika chache. Mafundi wa kuchomeka hawahitajiki. Sahani nyingi zilizostaafu zilipewa mashule, ndivyo na hiyo ilivyofika mikononi mwenu. Kule Chile, kituo cha Vera C. Rubin kilichotoa picha zake za kwanza Juni 2025 kina kioo cha mita 8.4 na kamera ya pikseli bilioni 3.2, na programu ndiyo inayochagua pa kutazama baadaye. Hata hivyo usiku kuna watu mlimani. Programu inajua ratiba. Mtu anajua harufu ya mvua, na anajua alikoacha tochi.

Upande wa data mlango uko wazi kabisa, na hapo nawasihi wazazi mwape watoto bando. Picha na spektra za Sloan, yaani ule mwanga uliotandazwa rangi zake, zinapatikana bure kwa yeyote. Mwaka 2007 mradi wa Galaxy Zoo uliweka picha za galaksi karibu milioni moja mbele ya umma ili watu wa kawaida wazipange kwa umbo. Mwalimu wa shule wa Uholanzi, Hanny van Arkel, akaona doa la ajabu karibu na galaksi moja, akauliza hiki ni nini. Lilikuwa wingu la gesi kweli, si tochi, nalo leo linaitwa kwa jina lake. Picha ile ilipigwa usiku fulani, na kuna mtu aliyeandika hali ya hewa ya usiku huo.

Kuhusu anga la Nairobi sitalalamika sana, kwa sababu ya baba. Mimi nachukia mulika mwizi, zile taa kali za mlingoti mrefu. Kila nikitoka nje naziona zikimwaga mwanga juu ambako hakuna mwizi. Baba, angepata mulika mwizi moja nje ya lile godauni, angeibusu. Tumebishana naye sana hilo. Tulikubaliana kwamba taa iwekewe kofia, imulike chini aliko mwizi, na juu aniachie mimi. Wa Kaunti mliomo humu, mzee amekubali, sijui ninyi. Na kwa wenye gari: teremkeni Magadi usiku usio na mwezi, miezi ya ukavu. Kule New Mexico sikuwahi kuuona Msalaba wa Kusini. Kutoka Magadi unauona, na saa chache kabla au baada unaona nyota za kaskazini pia. Tumekaa katikati ya dunia, karibu anga yote inatupitia.

Maswali mawili nimeletewa kwenye karatasi. La kwanza: mshahara ni kiasi gani? Unatosha kuishi, hautoshi kuwatambia jamaa. La pili: umewahi kuona kitu kisichoeleweka? Ndiyo, mara nyingi. Kikitokea unaandika saa, upande, kilivyoonekana, na unaacha kukipa jina. Vingi asubuhi vilikuwa setilaiti. Kimoja kilikuwa Zuhura, na aliyekiandika alikuwa mimi, kwa hofu kubwa, wiki yangu ya pili.

Sasa, sahani yangu iko wapi? Iko nyuma kule. Kuna mtoto ameiweka mapajani, amekusanya vijiti vya meno vya soseji, anavichomeka shimo kwa shimo. La, mama, usimnyang'anye, mwache. Amefanya kumi na mawili, na amebakisha mia sita na kitu.